Kulinda ubongo dhidi ya stroki (kiharusi) kwa chakula cha hapahapa Dodoma: anza na presha, chupa ya antioksidanti iache dukani

Mbukwenyi ndugu zangu. Naandika hii kwa sababu kila mtu akitoka wodini akiwa amepooza upande mmoja, wiki haiishi kabla hajaja mtu na chupa. Anakaa sebuleni na wanafamilia, anatoa karatasi yenye picha ya ubongo, anaongea habari za antioksidanti mpaka mama mwenye nyumba anaanza kuhesabu mbuzi wa kuuza. Na kinachouma zaidi ni kwamba mengi anayosema yana ukweli ndani yake, ndo maana watu wananunua. Ni kweli mimea ina vitu vinavyopambana na uharibifu wa seli za ubongo, ni kweli zabibu zetu zinavyo, ni kweli tafiti zipo. Ila vinasaidia wakati gani, kwa njia ipi, na wapi havisaidii kabisa, hapo hawafiki, na hapo ndo nataka tupaelewe kabla hatujaingia jikoni.

Kwanza tuelewe kinachotokea kichwani

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta, na hauna akiba. Damu ikikatika dakika chache tu seli zinaanza kufa. Stroki, au kiharusi kama wanavyosema redioni, ziko za aina mbili: mshipa kuzibwa na damu iliyoganda, na mshipa kupasuka damu ikamwagika ndani ya ubongo. Nyingi duniani ni za kuziba, ila kwetu Afrika za kupasuka zina sehemu kubwa kuliko Ulaya, na hili linahusiana sana na presha zisizotibiwa.

Mshipa ukiziba, sehemu ya katikati inakufa haraka, ila pembeni yake panabaki eneo ambalo bado liko hai, halifanyi kazi lakini halijafa, linapata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Wanaolima zabibu wataelewa, ni kama mzabibu uliokatiwa maji, tawi la mbali limeshakauka ila shina bado lina unyevu, ukiwahi unaliokoa ukichelewa unang'oa. Watafiti walikadiria kwamba kila dakika inayopita kwenye stroki kubwa ya kuziba zinakufa seli za neva kama milioni 1.9. Kila dakika jamani.

Sasa antioksidanti zinaingiaje hapa. Seli ikikosa oksijeni mitambo yake inavurugika, afu damu ikirudi oksijeni inaingia kwa wingi kwenye mitambo ambayo imeshaharibika, hapo zinazalishwa radikali huru nyingi kwa mara moja, yani chembe zilizopungukiwa elektroni ambazo zinapora elektroni kwa chochote zinachokutana nacho: mafuta ya ukuta wa seli, protini, mpaka vinasaba. Na ubongo umejaa mafuta laini yanayooksidika kwa urahisi, una madini ya chuma, na kinga yake ya ndani dhidi ya radikali ni ndogo kuliko ya ini. Antioksidanti ni kitu kinachoweza kuzituliza hizo chembe. Mwili wenyewe unatengeneza zake, glutathaioni, katalasi, superoksidi dismutasi, na hizi ndo jeshi kubwa. Nyingi za mimea, zile polifenoli za kwenye ganda la zabibu, kitunguu chekundu, choya (rosela), zinafyonzwa kidogo sana tumboni, na wanasayansi wengi sasa wanaona kazi yake kubwa ni kuuamsha mwili uongeze za kwake na kuifanya mishipa ya damu iwe laini, zaidi ya kwenda kupigana zenyewe kichwani.

Kwenye maabara panya akipewa resveratroli ya zabibu au kurkumini ya manjano, halafu mshipa wake ukazibwa, mara nyingi eneo linalokufa linakuwa dogo. Ni kweli kabisa. Lakini angalia vizuri, mara nyingi panya kapewa KABLA, au dakika chache baadae, tena dozi kubwa ambayo huwezi kuipata kwa kula zabibu hata ungekula shamba zima la Mpunguzi. Binadamu anafika hospitali baada ya masaa, wengine kesho yake. Kwa hiyo hatua zote za chini zimepangwa kwa kufuata ukweli huo, kazi ya chakula iko kwenye miaka ya kabla stroki haijatokea, na ikishatokea kazi ni ya gari na hospitali.

Hatua ya 1: Pima presha kabla hujanunua hata nyanya

Najua ulitarajia nianze na matunda. Hapana. Presha ndo chanzo kikubwa kuliko vyote vya stroki, za aina zote mbili, na haina dalili, mtu anatembea na 190 kwa 110 anapalilia mtama kama kawaida. Utafiti uliofanyika Tanzania wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta Dar wanaopata stroki ya kwanza ni karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka ukishasawazisha umri, Hai karibu 109. Kile cha Dar ni kiwango cha juu hata ukilinganisha na nchi tajiri.

Na presha yenyewe inazalisha radikali kwenye kuta za mishipa kila siku, kwa hiyo anayemeza virutubisho vya antioksidanti huku presha iko juu anazima moshi anaacha moto. Kama una miaka 18 na kuendelea pima, zahanati ya mtaani inatosha, kaa umetulia dakika tano, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kupanda mlima Ntyuka kwa miguu. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti hiyo ni presha ya kutibiwa. Ukipewa vidonge meza kila siku, hata siku unayojisikia mzima, maana presha haina dalili, kujisikia mzima si ushahidi kwamba imeshuka. Pima na sukari hapohapo.

Hatua ya 2: Chumvi, na magadi ambayo hakuna anayeyataja

Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ni kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyoko kwenye mkate, kwenye kachumbari, kwenye chipsi, kwenye vile vikeki vya kiungo cha supu, na samaki mkavu anayepikwa na chumvi yake yote. Samaki wa chumvi loweka, mwaga maji, loweka tena. Kopo la chumvi liondoke mezani, litaondoka kwa ugomvi mwanzoni hasa kama kuna wazee, vumilieni wiki kadhaa ulimi unazoea kabisa.

Sasa magadi. Huku kwetu mlenda bila magadi watu wanaona haujapikwa, ili uvutike vizuri na uive haraka, na maharage pia, na kunde kavu. Magadi ni sodiamu. Ile sodiamu inayopandisha presha kwenye chumvi ndo hiyohiyo iko kwenye magadi, na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ya dukani kina sodiamu kama miligramu 1,200, wakati kiwango cha siku nzima ni miligramu 2,000. Kwa hiyo mama amepunguza chumvi kwa uaminifu kabisa, nesi kamsifia, kumbe inarudi kwa mlango wa nyuma. Na si hivyo tu, magadi yanaua vitamini C kwenye mboga, yani unapoteza antioksidanti na unaongeza sodiamu kwenye sufuria hiyohiyo. Kwa maoni yangu hili ndo badiliko moja lenye faida kubwa kuliko yote kwenye jiko la Mgogo, na halina gharama hata senti.

Fanya hivi: maharage na kunde loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika na maji mapya, yataiva. Mlenda weka karanga ya kusaga, tia nyanya mwishoni, koroga kwa upekecho taratibu, unavutika vizuri tu. Bibi akikataa anza kwa kupunguza nusu wiki hii, wiki ijayo nusu ya nusu, usimnyang'anye mtu mzima mlenda wake kwa siku moja.

Upande wa pili wa sodiamu ni potasiamu, inayosaidia presha kushuka, na ipo kwenye maharage, kunde, choroko, njugu mawe, viazi vitamu, ndizi, parachichi, mchicha. China walifanya utafiti mkubwa uliotoka 2021 kwenye vijiji 600, watu karibu 21,000, nusu wakapewa chumvi iliyochanganywa na potasiamu, na stroki zikapungua kwa asilimia 14. Ila sikiliza, mwenye shida ya figo asijiongezee potasiamu bila daktari, wala mwenye kutumia vidonge vya kukojoza kama spironolaktoni, maana inaweza kusimamisha moyo. Hilo siyo la kubahatisha.

Hatua ya 3: Nunua rangi

Ukienda soko la Majengo au Sabasaba usiende na orodha ya vitamini, nenda ukitafuta rangi, maana rangi ya mmea mara nyingi ndo antioksidanti yenyewe. Lengo ni walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, ni kama mafungu matano ya ukubwa wa kiganja.

Zambarau na nyekundu iliyokoza: hapo kuna zabibu nyekundu, choya, mtama mwekundu, kitunguu. Zabibu za Dodoma zinavunwa misimu miwili kwa mwaka, kitu ambacho nchi nyingi za zabibu hawana, kwa hiyo hatuna sababu ya kuziacha zote ziende kiwandani na Dar. Kula na ganda lake, na mbegu zake tafuna kama meno yanaruhusu, maana polifenoli nyingi ziko huko kuliko kwenye maji ya katikati. Zioshe vizuri sana, zinapigwa dawa nyingi shambani. Mwenye kisukari ale kiganja, si kilo.

Choya ndo kipenzi changu na nadhani watu wa hapa tunaidharau kwa sababu imezoeleka. Marekani mwaka 2010 walichukua watu wazima 65 wenye presha iliyopanda kidogo au inayoanza, baadhi wakanywa chai ya choya vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, namba ya juu ya presha ikashuka kama pointi 7, wale waliopewa kinywaji cha kuigiza ikashuka kama 1. Hii si dozi ya panya, ni vikombe vitatu ambavyo unavichemsha mwenyewe. Tatizo letu ni sukari, juisi ya choya ya mtaani unakunywa sukari yenye rangi. Chemsha, acha ipoe, tia kipande cha tangawizi au maji ya limau, bila sukari au kidogo mno. Na kama unatumia vidonge vya presha usiache kidonge eti kwa sababu ya choya, endelea na vyote na upime, ukiona inashuka sana mpaka kizunguzungu rudi kliniki waangalie dozi.

Kitunguu chekundu, hizo tani zinazoshuka kutoka Singida, kina kwesetini, polifenoli mojawapo, na nyingi iko kwenye tabaka za nje, kwa hiyo menya kidogo, yale matabaka mawili ya juu unayotupa ndo tajiri.

Mtama na uwele usiviite chakula cha njaa. Ugali wa mtama mwekundu usiokobolewa una polifenoli na nyuzinyuzi ambazo sembe nyeupe imezipoteza nyingi mashineni. Ukiona mgumu kumeza changanya na dona.

Nyekundu ya nyanya ni laikopini, na hii inapenda kupikwa na mafuta kidogo, mbichi haifyonzwi vizuri. Huko Finland walifuatilia wanaume 1,031 kwa miaka 12, wenye laikopini nyingi kwenye damu walipata stroki pungufu kwa asilimia 55 kuliko wenye kidogo. Huo ni ufuatiliaji tu, haithibitishi kwamba nyanya ndo iliyowalinda, labda walikuwa wanaishi vizuri kwa ujumla, ila nyanya ni rahisi na mchuzi ni wa kila siku sioni hasara.

Kijani kilichokoza: mchicha, mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mnavu. Njano: boga, viazi lishe, papai, embe. Na ubuyu, mibuyu imejaa njia nzima ya kwenda Kondoa na Mpwapwa na sisi tunaipita. Unga wa ubuyu mweupe, ule uliotoka kwenye kibuyu bila kupikwa, una vitamini C nyingi sana, koroga vijiko viwili kwenye maji baridi au kwenye uji ukishapoa. Ule ubuyu mwekundu wa pakiti uliochemshwa na sukari na rangi huo ni peremende, muwape watoto siku ya sikukuu.

Hatua ya 4: Usizipoteze njiani

Dodoma mvua ni moja, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo mboga mbichi inakuwa ghali na ndo maana tunakausha. Kukausha ni akili nzuri ya wazee, shida ni juani. Ukianika majani kwenye jua kali juu ya bati, karotini (ile ya njano inayogeuka vitamini A mwilini) na vitamini C zinaharibika kwa mwanga, mboga inageuka rangi ya nyasi, hiyo rangi iliyopotea ndo ulichokuwa unakihitaji.

Chukua majani mabichi ya asubuhi, osha, chovya kwenye maji yanayochemka kama dakika moja au mbili, toa, chuja, tandaza kwenye chekecheke au kitambaa kisafi KIVULINI penye upepo, na upepo Dodoma tunao wa kutosha wala hatuombi. Geuza geuza. Vikikauka mpaka vinavunjika mkononi weka kwenye chombo chenye mfuniko, mahali penye giza. Kikaushio cha jua cha boksi lenye kivuli ni kizuri zaidi, vikundi vya akina mama vinaweza kuchanga fundi akatengeneza.

Jikoni: kata mboga baada ya kuosha na siyo kabla, maji kidogo, muda mfupi, usimwage maji ya kuchemshia, na weka mafuta kidogo au karanga kwa sababu karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Hatua ya 5: Mafuta

Kanda hii ni ya alizeti, Singida, Kongwa, Manyoni, na alizeti ina vitamini E nyingi ya asili. Mafuta mazuri, kwa kiasi. Kinachoyageuza kuwa adui ni kukaangia yaleyale mara nyingi, chipsi za asubuhi mpaka usiku kwenye karai moja, yakishakuwa meusi na yanatoa povu hapo yameoksidika na unakula uharibifu uleule tunaoukimbia. Yahifadhi gizani, si kwenye chupa nyeupe dirishani. Karanga na ufuta kula, kiganja kwa siku, ila karanga yenye ukungu au uchungu tupa, usimpe hata kuku, sumu kuvu imeshaua watu mkoa huu mwaka 2016.

Hatua ya 6: Zima kinachozalisha radikali

Sigara kwanza, acha kabisa. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha nao unaharibu mishipa, kama huwezi kununua gesi toboa tundu la moshi na upikie nje kiangazi. Mvinyo, najua hapa ni nyumbani kwake na watu wanasema resveratroli, ila iliyomo kwenye glasi ni kidogo mno na pombe yenyewe inapandisha presha, kula zabibu. Tembea kwa haraka nusu saa siku tano kwa wiki, mazoezi yanaufanya mwili uongeze antioksidanti zake wenyewe, na hizo hazifyonzwi vibaya kwa sababu zimetengenezwa ndani.

Hatua ya 7: Mtu akija na chupa

Mpe kiti, mpe maji, halafu muwe na haya kichwani.

Uingereza walimaliza utafiti mwaka 2002, watu 20,536 wenye hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa, nusu wakapewa kila siku vitamini E miligramu 600, vitamini C 250 na betakarotini 20, kwa miaka mitano. Stroki hazikupungua. Finland wavutaji sigara waliopewa betakarotini ya vidonge walipata saratani ya mapafu ZAIDI, matokeo yalitoka 1994. Vitamini E ya vidonge, tafiti zilipojumlishwa mwaka 2010 ilionekana inapunguza stroki ya kuziba kwa asilimia 10 lakini inaongeza ya kupasuka kwa asilimia 22, na nimeshasema kwetu za kupasuka si chache. Na dawa moja ya hospitali iliyotengenezwa maalum kunasa radikali huru, NXY-059, ilifanya vizuri kwa wanyama, utafiti mkubwa wa kwanza kwa binadamu wa 2006 ukaleta matumaini, wa pili wa 2007 wenye wagonjwa zaidi ya 3,000 ukaonyesha haisaidii. Japani wana edaravoni tangu 2001, lakini ile ni sindano ya mshipani anayopewa mgonjwa aliyelazwa mapema, haina uhusiano na unga wa kukoroga sebuleni.

Kwa nini embe linasaidia na kidonge cha kitu kilichomo kwenye embe hakisaidii? Kwa sababu embe linakuja na potasiamu, nyuzinyuzi, na mamia ya vitu vingine kwa kiasi kidogo kidogo, na limechukua nafasi ya soda tumboni. Kidonge kinakuja peke yake kwa dozi ambayo mwili haujawahi kuiona. Tena radikali kidogo mwili unazihitaji, zinatumika kuua vijidudu na kupeleka taarifa ndani ya seli, ukizizima zote umevuruga.

Muulize mletaji maswali mawili tu: imesajiliwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kama dawa ya stroki? Na naweza kumuonyesha daktari wa mgonjwa hii chupa kabla sijalipa? Hela ya chupa moja ya namna hiyo mara nyingi inanunua vidonge vya presha vya miezi.

Hatua ya 8: Siku ikitokea

Uso umeshuka upande mmoja, mkono au mguu umelegea ghafla, maneno yanakuwa ya kilevi au hayatoki. Mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, arudie sentensi fupi. Kimojawapo kikigoma, angalia saa, andika, na muondoke. Dalili zikipotea baada ya dakika kumi bado muondoke, hilo linaweza kuwa onyo la stroki kubwa inayokuja.

Siyo jini, siyo upepo mbaya, hajatupiwa kitu. Ukitaka kuomba ombea ndani ya gari.

Usimpe chochote mdomoni, maji, uji, juisi ya zabibu, asali, hapana, koo linaweza kuwa limepooza kitu kikaingia mapafuni. Usimpe aspirini kabla ya kipimo, maana kama mshipa umepasuka unaongeza kuvuja. Usimpe kidonge cha presha chini ya ulimi kuishusha kwa ghafla, lile eneo la pembeni ya ubongo ambalo bado liko hai linategemea hiyo presha kupata damu. Usimchome vidole kwa sindano. Mlaze kwa ubavu, kichwa kimeinuka kidogo, legeza nguo. Bodaboda haifai, tafuta gari au bajaji yenye mtu wa kumshikilia nyuma.

Mpeleke moja kwa moja penye CT skani (mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa), kwa hapa mjini Hospitali ya Benjamin Mkapa wanayo, kama mko wilayani pigeni simu hospitali ya wilaya wawape rufaa mapema msipoteze nusu siku zahanati. Bila hiyo picha hakuna anayeweza kujua kwa macho kama ni kuziba au kupasuka na matibabu yake yanapingana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, haipatikani kila hospitali, ila hata isipokuwepo kuwahi kunasaidia kuzuia homa, sukari kupanda, nimonia na mengine yanayoua siku za mwanzo. Daktari atauliza mara ya mwisho kuonekana mzima ni saa ngapi, hiyo ndo maana ya kuandika. Bebeni na dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na mizizi na unga wa kila aina, msifiche.

Hatua ya 9: Akirudi nyumbani

Kabla ya kumlisha omba nesi au daktari ampime kumeza. Mkalishe wima kabisa, kijiko kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Akipaliwa na maji lakini uji mzito unapita sawa, mpe vizito: uji wa uwele na karanga ya kusaga, boga lililopondwa, parachichi, papai, mlenda wenyewe usio na magadi unateleza vizuri na wagonjwa wengi wanaumudu ila jaribu kijiko kimoja kwanza.

Vidonge vya presha haviachwi, aliyepona akaacha vidonge ni rahisi kurudi wodini, miezi ya mwanzo ndo hatari zaidi ya kupigwa mara ya pili. Akiwa kwenye warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) mboga za kijani anakula lakini kiasi kilekile kila siku, siyo wiki hii sinia wiki ijayo hakuna, maana vitamini K inabadilisha nguvu ya dawa. Balungi lisikutane na nifedipini (dawa ya presha), linaongeza dawa kwenye damu. Vitunguu saumu vya kwenye mchuzi sawa, ila vidonge vyake pamoja na aspirini vinaongeza kutoka damu.

Mazoezi ya viungo kila siku, hata kama fiziotherapia ni mara moja kwa wiki, muombe mtaalamu awafundishe mnayoweza kufanya kitandani. Na huyu mgonjwa mara nyingi anaelewa kila kitu hata kama hawezi kujibu, kwa hiyo mkikaa kujadili habari za chupa na mbuzi, mjadili na yeye akiwepo, na mpeni njia ya kusema hapana hata kwa kubana mkono.